Kuvuta Bila Mshale

Nimemwonea dada yangu wivu tangu tukiwa watoto, na sitaanza leo kujifanya mtakatifu. Ni mdogo wangu kwa miaka minne, ni fundi cherehani, ana mikono myembamba kama ya mtoto wa shule, na kwa upinde alinishinda mbele ya ukoo mzima. Mimi ni mtoto wa kwanza, mwanaume, kazi yangu ni kujaza karatasi za mizigo ya watu mpakani Kavimvira. Mama, alipokuwa hai, akiniona nimenuna alikuwa akinikumbusha ule msemo kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nilikonda kweli, wala si kwa njaa.

Upinde ninaousema ni wa baba yetu. Alikuwa fundi wa kuchonga pinde, na huo wake mwenyewe aliuchonga kule juu Bijombo kabla hatujashuka kuja kukaa kando ya ziwa, kwa mti mgumu ambao huku chini hauoti. Kwetu katika familia, kila Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, watu wakishamaliza kula, shina la mgomba linasimamishwa nyuma ya nyumba na wanaume wanapiga mishale mitatu mitatu, kuanzia mtoto wa kwanza wa nyumba. Zawadi hakuna. Ila aliyekosa atakumbukwa mpaka Bonane nyingine, na watu wetu wana kumbukumbu mbaya sana.

Utotoni baba alitugawia kazi bila kutuuliza. Mimi nilipewa mishale. Nilikuwa na miaka sita, nikaambiwa nenda nje, piga, ulete habari. Nikipata, baba anaguna. Nikikosa, naambiwa mishale haiokotwi njiani, nenda kautafute kwenye majani mpaka uuone. Dada yangu, kwa kuwa ni msichana, mishale alikatazwa kabisa. Yeye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mkeka mbele ya baba na kuvuta upinde mbichi, ule ambao bado unachongwa.

Anavuta taratibu mpaka kamba ifike shavuni, anashika. Baba anaweka kiganja kwenye mti na kusikiliza unavyolia, anatazama ni upande gani umekaza. Kisha anamwambia arudishe, taratibu vilevile, kwa sababu kamba isiyo na mshale haiachiwi ghafla, mti utapasuka. Anarudisha. Baba anakwangua kidogo kwa kipande cha chupa, halafu vuta tena, shika, rudisha. Alasiri nzima ni hivyo, na katikati ya kuvuta na kuvuta wanazungumza, wanacheka. Mimi niko huko nje natafuta mishale, nasikia vile vicheko, roho inaniuma. Hakuna siku hata moja niliyoitwa kukaa kwenye ule mkeka.

Ugonjwa wangu ulianza nikiwa mtu mzima, nimeshaoa, na ulichagua siku. Ilikuwa Bonane, wakwe zangu wamekaa kwenye viti vya plastiki, mimi natangulia kupiga kama desturi. Machoni pangu ncha ya mshale ilipogusa tu shina la mgomba kule mbele, kabla sijatulia, vidole vikafunguka vyenyewe. Sikuviamuru. Mshale ukapita kando ukaingia kwenye banda la kuku. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nikasema huu nitaushika, nikakaza mkono, na ncha ikakataa kabisa kupanda, ikabaki inaangalia chini ya shina. Nikaachia kwa aibu, ukachoma udongo. Baba yetu mdogo, mdogo wake baba, anayelima mpunga Katogota, akasema mkono wangu una haraka kama muntu wa tumbo anayekimbilia choo. Wakwe zangu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Huo ugonjwa wapigaji wanaujua. Unampata mtu ambaye amepiga miaka mingi, na kadiri anavyoitaka shabaha ndivyo mkono unavyomtoroka. Lakini siku ile sikujua. Nilijua tu kwamba wanaume walipomaliza, dada yangu akauchukua upinde, kwa utani, mtu asimkataze kwa sababu wote walikuwa wameshiba na kuchangamka. Akavuta. Akakaa pale, ametulia, mpaka mimi nikaanza kuishiwa na pumzi kwa niaba yake. Mishale mitatu yote ikaingia kwenye shina. Watu wakasema ni bahati. Bonane iliyofuata bahati ikarudi, na iliyofuata tena, na mimi kila mara kuku wakinisikia nakuja walikuwa wanahama.

Wakati huo wote macho ya baba yalikuwa yanaingia ukungu. Ilipofika Pasaka ya mwaka uliopita alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Siku hiyo, baba mdogo akiwepo, akatuambia kwamba Bonane inayokuja atautoa upinde, hataki afe nao ukutani. Mtoto wa kwanza apige. Mishale miwili kati ya mitatu ikiingia, ni wake. Isipoingia, upinde uende Katogota kwa watoto wanaume wa baba mdogo. Dada yangu alikuwa anapakua sombe. Jina lake halikutajwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikaanza mazoezi kwa hasira. Kila jioni nikitoka mpakani nilipiga mishale hamsini, sitini, mpaka vidole vikavimba. Nilikuwa nazidi kuharibika. Na ziwa nalo likaamua kunisaidia kwa namna yake, maana mwaka ule maji yalipanda tena, yakala migomba yetu na nusu ya parseli ya nyumba. Kiwanja changu cha hatua thelathini kikabaki hatua kumi na mbili, mwisho sita. Hatua sita, na bado nilikosa. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaona kwamba upinde wa baba utaenda kutundikwa nyumba ya watu wengine kwa sababu ya vidole vyangu.

Hapo ndipo dada yangu alipokuja. Alisimama kando ya maji, mkanda wa kupimia nguo bado uko shingoni, akanitazama nikikosa mara nne.

“Yaya,” akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, “huu upinde ukienda Katogota, sitauona tena. Afazali ukae kwako. Acha nikufundishe.”

Nilitaka kumfukuza. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa, kuhusu wanawake na kazi zao. Alisubiri nimalize, kisha akakusanya mishale yangu yote, akaifunga kwa kitambaa, akaondoka nayo. Akaniambia mwezi mzima nitavuta bila mshale. Nivute mpaka shavuni, nishike pumzi tatu, nirudishe. Mara hamsini asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mke wangu akiniona alfajiri navuta upinde mtupu kuelekea ukuta aliuliza kama ninajiandaa kupigana na matofali.

Wiki ya tatu nilidanganya. Nilikuwa nimeficha mshale mmoja chini ya paa la banda, nikauchukua Jumapili wengine wakiwa misani. Nilitaka nipone peke yangu, nisimwambie mtu asante. Ncha ikagusa shina, vidole vikatoroka, vilevile kama mwanzo. Nikaupiga mara nane. Mara moja kati ya hizo nane uliingia kando kando, nikauchomoa nikalipaka tundu tope. Kesho yake dada yangu alikuja, akalitazama shina, akakwangua lile tope kwa ukucha. Hakunisema. Akasema tu tunaanza upya, siku ya kwanza.

Nilikasirika mpaka nikamuuliza lile swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni miaka yote. Ni nani alimfundisha yeye? Lini? Baba alimfundisha kwa siri?

“Baba, lakini hakujua kama ananifundisha,” akanijibu. “Weye ulipewa mishale. Minye nilipewa kuvuta tu. Miaka kumi, yaya, navuta na kurudisha, nakuangalia kwenye mulango unapiga. Nilikuwa nalia usiku juu ya ile mishale yako.”

Mkono wake ulikuwa umejifunza kurudi kabla haujajifunza kuachia. Wangu haukuwahi kurudi hata mara moja tangu nikiwa na miaka sita. Ulijua kuachia tu. Na wakati mimi nausikiliza mkeka ule kwa kijicho, yeye alikuwa anayaangalia majani nilikotafutia mishale kwa kijicho kama hicho hicho. Ungedhani tungecheka. Mimi nilizidi kuona wivu, kwa sababu hata katika kunyimwa yeye alipata zaidi.

Lakini nilitii. Mwezi ukaisha, akanirudishia mshale mmoja. Niuweke kwenye kamba, nivute, nilenge, kisha nirudishe bila kupiga. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Jasho liliingia machoni, mara mbili mshale ulinitoroka ukaenda ziwani, tukauona unaelea. Baada ya hapo hatua tatu kutoka kwenye shina, macho yamefumbwa. Baada ya hapo macho wazi, lakini kila mishale minne nirudishe mitatu, nipige mmoja tu. Mwezi wa kumi na moja nilipiga hatua sita na vidole vikanisubiri. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye ile ndoo anashona kifungo. Alisema tu kwamba bega la kushoto lipo juu.

Bonane ikafika. Baba mdogo alikuja na wanawe watatu, na gunia la mchele, na viatu vipya miguuni. Shina likasimamishwa mahali pakavu palipobaki. Baba akaletwa na kiti chake, akageuzia sikio upande wetu, mkeka umetandikwa miguuni pake kwa watoto. Nikauchukua upinde. Mtoto mmoja wa baba mdogo alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nikavuta. Ncha ikapanda, ikagusa shina, na ugonjwa ukaja. Niliusikia kwenye vidole, ukinisukuma, achia, achia. Sikuachia. Nikahesabu pumzi moja, ya pili, nikairudisha kamba taratibu mpaka mwisho, mti ukilia kidogo unapolegea. Katika Bonane zote za ukoo wetu hakuna mwanaume aliyewahi kuvuta mshale mbele ya watu na kuurudisha. Baba mdogo akauliza kama naogopa.

Ndipo baba alipoinua mkono kunyamazisha watu. Alikuwa anatabasamu.

“Mumuache apige,” akasema. “Huyo ni mutoto wangu mwanamuke, nausikia mukono wake. Mumefanya vizuri kumupa. Huu upinde iko wake tangu zamani, minye niliogopa tu kusema.”

Dada yangu alikuwa mlangoni na sinia la soda, akageuka kunitazama. Nami nimesimama pale, mtoto wa kwanza, na maneno niliyoyaogopa tangu nikiwa na miaka sita yamesemwa kwa sauti mbele ya ukoo. Nilitaka kuutupa ule upinde ziwani. Nilitaka kumpigia baba kelele kwamba ni mimi. Baba mdogo alifungua mdomo, nikamtikisia kichwa anyamaze. Nikavuta tena, nikashika, nikapiga, ukaingia katikati. Wa pili ukaingia chini yake kidogo. Wa tatu sikuupiga.

Baba akapiga makofi mapajani. “Ni wake,” akasema. “Basi.”

Dada yangu aliweka sinia chini, akamwambia hapana, ni yaya ndiye amevuta, ni yaya tangu mwanzo. Baba akageuzia sikio upande wangu. Akaniita, akaushika mkono wangu wa kulia, akapitisha kidole gumba kwenye sugu za vidole vyangu, kimoja kimoja.

“Ni weye ulirudisha kamba?”

“Ni minye, baba.”

“Ni nani alikufundisha?”

Nilimwonyesha kwa kichwa, kisha nikakumbuka haoni. Nikasema ni dada yangu. Nikasema pia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba upinde ni wake, baba ameshasema mbele ya watu, na neno la mzee halirudishwi. Baba hakubisha. Dada yangu alianza kulia, watu wakapata kazi ya kupanga viti.

Nilidhani imeisha. Nikageuka niende zangu kwa banda la kuku, mahali panaponijua. Lakini baba alikuwa hajauachia mkono wangu. Akanivuta chini, mpaka magoti yangu yakafika kwenye mkeka, watoto wakasogea. Akapapasa mpaka akaupata upinde, akanipa, akaweka kiganja chake kwenye mti.

“Vuta,” akasema. “Bila mushale.”

Nikavuta mpaka shavuni, nikashika. Nikausikia mti ukilia chini ya mkono wake. Nikarudisha taratibu.

“Tena,” akasema baba.