Blanketi la Bi Moza

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyokuta maji ya kutilia udhu yameganda ndani ya beseni, nikadhani tumerogwa. Mimi na mama tulikuwa na mwezi mmoja tu tangu tutoke Unguja, tumekuja kukaa kijiji alikotoka babu, mlimani juu ya mji wa Al Hamra. Kila mtu alikuwa ametwambia Arabuni ni moto mtupu, basi mablanketi yetu yote tuliyagawa kwa majirani kabla ya safari. Tukapanda mlima na kanga!

Jirani yetu Bi Moza, mjane mwenye mbuzi wake sita, alituona tunatetemeka. Akaniletea blanketi zito alilolifuma mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi. Nami, msichana wa mjini niliyezoea asumini na udi, nililinusa nikakunja pua. Alipogeuka, nikalitandika mlangoni tufutie miguu. Mama alinikanya, sikumsikia. Ujana una kiburi, nawe unajua, usinitazame hivyo.

Kesho yake Bi Moza alipita na mbuzi wake, akaliona. Akaswaga mbuzi wake, akaenda zake. Mchana mvua ikanyesha, blanketi likarowa chepechepe, na siku hiyohiyo mama akashikwa na homa ya kifua, meno yanagongana, hata kunijibu hawezi. Barabara ya gari haikuwapo, na daktari alikuwa mbali. Niliogopa nitamzika mama yangu kwa kiburi cha pua yangu.

Nikaenda kwa Bi Moza, uso chini. Sijafungua mdomo, akaingia ndani, akatoka na blanketi la kitandani mwake, la pekee alilobaki nalo.

"Yallah, binti, kamfunike mama yako," aliniambia kwa Kiarabu chao cha mlimani. "Mengine tutazungumza akishapona."

Mama alipona, alhamdulillahi. Bi Moza hayo mengine hakuyazungumza mpaka anakufa, na kimya chake kiliniuma kuliko kofi. Lile la kitandani mwake nikamrudishia. Lile la mlangoni nililifua, nikampelekea nalo. Akakataa, akasema ni langu. Ninalo mpaka leo hapa mjini Nizwa. Bado linanuka mbuzi, na wajukuu wananicheka ninapojifunika.

Basi, mwanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ukiwa mgeni, unachopewa kipokee kwa mikono miwili, wala usikinuse. Ukiwa mwenyeji, ukimwona mgeni anatetemeka, usingoje akuombe. Mola asikunyime blanketi, mwanangu, wala asikunyime moyo wa kumfunika mwenzio aliyekukosea. Amin.