Kichwa cha Treni Kilichowagombanisha Mawifi

Mdogo wangu ni fundi bati. Watu wanamwita Kopo tangu utotoni, na hakasiriki, maana ni kweli: kopo tupu likipita mbele yake halitoki salama. Mchana hutengeneza ndoo, mabirika na mifereji ya paa. Akishanawa mikono huingia chumba cha uani. Humo ametandaza meza kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake amejenga kwa bati yadi ya reli tuliyokulia pembeni yake: stesheni, maghala, reli zilizogawanyika kama vidole, na mabehewa yanayoenea kiganjani.

Baba yetu alifanya kazi katika yadi hiyo, na mimi sijasahau kitu. Shule niliishia ya msingi, lakini kichwa changu ni kabati. Ukitaka jambo la zamani, bisha tu hodi.

Kilichokosekana mezani ni Mama Mkwe. Ndivyo tulivyokiita kile kichwa kidogo cha treni ya mvuke kilichopanga mabehewa yadini. Mwenyewe hakusafiri kwenda popote, lakini safari za wenzake wote alizipanga yeye, tena kwa kunung'unika.

Kopo aliwahi kumtengeneza kwa kubahatisha, akampeleka kwenye mkutano wa wastaafu wa reli. Walimcheka. Mmoja aliuliza kama ni sanduku la sabuni lililoota magurudumu. Safari hii alikuja kwangu, akasema, "Dada, mwaka huu napeleka mwingine. Mzee Makaa atakuwepo. Na yeye akicheka, meza hii naivunja, nabaki na ndoo zangu." Mzee Makaa ndiye aliyekuwa akimlisha Mama Mkwe makaa ya mawe. Katika waliofanya kazi kwenye kibanda cha dereva cha Mama Mkwe amebaki yeye peke yake, na sasa anaishi mbali, kwa binti yake.

Basi Kopo akaanza kupeleleza. Kwa wauza vyuma chakavu alikuta gurudumu moja la Mama Mkwe limegeuzwa kiti. Akalipima kwa futi ya fundi cherehani, huku wenyewe wakimuuliza kama analishonea suruali. Akaenda kupima mlango wa banda alimokuwa akilala Mama Mkwe, akajua bomba la moshi halikuweza kuzidi kimo cha mlango ule. Stesheni walimwonyesha picha. Ilipigwa kutoka mbele, na wakubwa wamejipanga na kofia zao, wamemziba mwili mzima. Kilichoonekana ni bomba tu, limechungulia nyuma ya kofia.

Umbo likapatikana hivyo hivyo. Vita vikaja ubavuni.

Mimi nilimweleza kwamba ubavuni palikuwa na pampu ya breki, nene kama mtungi, ikihema kama mtu aliyepanda ngazi. Mkewe, wifi yangu, naye ni mtoto wa reli. Alikuwa akichambua mchele. Bila kuinua uso akasema hapakuwa na pampu yoyote. Palikuwa na fimbo ndefu ya chuma, imetoka kibandani kwa dereva, imekwenda hadi karibu na magurudumu, na dereva akitaka kurudi nyuma huivuta.

"Wifi, hiyo uliota," nikamwambia.

"Na wewe uliona mtungi wa jirani," akanijibu. "Kiu haina macho."

Mawifi tukitaniana hatujui kusimama, lakini siku zile utani uliingia mchanga. Nikipiga hodi naulizwa kama nimekuja na pampu yangu. Kopo akaweka pampu, mkewe akampa chai bila sukari. Akaitoa, akaweka fimbo, mimi nikakataa kukaa kitini. Dada huku, mke kule, na mkutano unabisha mlangoni.

Asubuhi moja akatuita sote wawili chumbani. Mama Mkwe alisimama katikati ya yadi, mbavu tupu.

"Mlichoona nimeshasikia, nimechoka," akasema. "Sasa kila mtu anionyeshe alikuwa akisimama wapi."

Nikaweka kidole kwenye nyumba za wafanyakazi, pale tulipoanika nguo. Wifi akazunguka meza, akaweka chake nyuma ya maghala, ambako mama yake aliwauzia wapagazi chai. Kopo akatutazama, mimi huku, mkewe kule, Mama Mkwe kati. Akamsukuma mbele, akamrudisha nyuma. Akamsukuma tena. Halafu akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi.

"Huyu hakuwahi kugeuzwa," akasema. "Vichwa vya safari ndefu viligeuzwa. Huyu alikwenda mbele akarudi kinyumenyume, maisha yake yote. Dada, ubavu wa pili hujawahi kuuona. Wala mke wangu hajauona wa kwako."

Wifi alilifaidi hilo. Akaniambia kabati langu lina mlango mmoja. Nikamwambia lake nalo halina dirisha. Siku hiyo chai ilitiwa sukari mpaka kijiko kikasimama.

Kwenye mkutano, Kopo alimweka Mama Mkwe juu ya kipande cha reli pamoja na mabehewa machache. Mzee Makaa akaletwa ameshikwa mkono. Akainama upande wa pampu. Kopo alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya shati. Mzee akazunguka meza polepole, akainama upande wa fimbo.

"Nani kamwacha amesimama bure?" akauliza. "Behewa la saruji linangoja kule. Msukume."

Kopo akamsukuma, uso wote meno. Mzee Makaa akakusanya viganja mdomoni, akapiga filimbi ya Mama Mkwe, ile ile. Hapo wastaafu wakaizingira meza, wakaanza kubishania behewa la kutangulia, kila mmoja anatoa amri kana kwamba kesho ni siku ya mshahara.

Mimi nikapenya katikati yao, nikazunguka hadi upande wa wifi. Akanisogezea nafasi. Fimbo ilikuwa imelala ubavuni, nyembamba, imenyooka, nzuri kweli, na kwa umri wangu huu ndiyo kwanza naiona.