Hita Katika Gari Lisilo na Milango

Walimwita Fundi Kobe, maana hakuna aliyewahi kumharakisha. Gari lake la milimani alikuwa amelivua kila kitu ili liwe jepesi: milango, zulia, hata paa, likabaki na turubai tu. Magoti yalipoanza kumsumbua kwa baridi, akalifungia hita. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba watoto, unataka kupasha moto barabara nzima?"

Hakumwambia ilikotoka. Kaka yake alipofariki, shemeji yake alimkabidhi gari la marehemu alipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alimwomba kitu kimoja: amtolee chochote cha kumkumbukia mumewe. Kobe alishaitamani hita. Akarudi mikono mitupu, akasema vyote vimeliwa na kutu. Tangu hapo kila alipoiwasha ilimpasha moto miguu na kumsuta moyo.

Asubuhi moja alimkuta shemeji yake njiani amelowa chapachapa. Angempitaje? Akampakia, na kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka, ikabidi aiwashe. Feni ikaanza kupiga kelele. Kobe akaipiga ngumi kwa juu. Kelele zikazidi.

Shemeji aliinama, akapenyeza kiganja chini ya dashibodi, akaigonga ubavuni taratibu. Ikanyamaza. Joto likatoka.

Hakuuondoa mkono.

"Haipigwi, shemeji," alisema bila kumtazama. "Inabembelezwa. Ndivyo kaka yako alivyonifundisha."