Kisanduku Kilichopewa Kochi

Hebu vuta picha: mama anaingia hospitalini, mguu wa kulia unamburuta mwenzake wa kushoto, naye anawakaribisha watu waliomtangulia kwenye benchi. "Karibuni, karibuni, msikae kama wageni!" Ndiyo maana mtaani tunamwita Mama Karibu. Hata mashine ya kupiga picha za kichwa, kabla ya kulazwa ndani yake, aliipigia hodi.

Picha ikaonyesha doa kwenye ubongo. Kiharusi kidogo, kimepita kama mwizi wa kuku. Mtafiti, binti mpole mwenye miwani, akamweleza kuwa wanachunguza kama moshi wa kuni unachangia maradhi hayo. Akampa kisanduku cha kupima hewa, kikae jikoni juma zima. Nyumba zitakazoonekana na moshi mwingi zitawekewa bomba la kuutoa nje.

Mama Karibu alilitaka bomba hilo kuliko nguo mpya. Jiko lake halina dirisha, na daktari alishamwonya: kiharusi cha pili hakina adabu kama cha kwanza.

Juma likaisha. Mtafiti akatazama kompyuta, akakunja uso. "Mama, hewa ya jikoni kwako ni safi kuliko ya wodini kwetu."

"Mbona mimi natoka machozi?"

Mumewe, fundi viatu, aliyemsindikiza, akashika mbavu kwa kicheko. "Muulize kisanduku kilikuwa wapi!"

Kilikuwa sebuleni, juu ya kochi, chini yake kitambaa cha kudarizi.

"Mwanangu," akajitetea, "kitu kimetoka hospitali, kinavuta pumzi, tena kina kitaa chake. Si mgeni huyo? Nimweke jikoni akohoe?"

Wakaanza upya. Safari hii mtafiti alikitundika mwenyewe kwenye msumari, juu ya mafiga. Juma likaisha: hewa safi zaidi.

"Sasa mgeni yuko jikoni, mimi nimpulizie moshi usoni? Nilipikia uani. Mvua ikinyesha, tunakula mkate."

"Nilidhani nimeoa mke," mumewe akasema, "kumbe nimeoa mapokezi."

Mtafiti akavua miwani, akaifuta taratibu. "Mama, nisikilize. Tunajaribu mara ya mwisho. Kikisema tena hewa safi, bomba linakwenda nyumba nyingine. Na mimi sitaki kukupiga picha yenye doa la pili."

Basi asubuhi yake Mama Karibu akachuchumaa mbele ya mafiga. Kuni tayari, sufuria tayari. Mkono wa kulia umeshika kibiriti. Kisanduku kikamkonyeza kwa kitaa chake cha kijani.

"Unisamehe, baba," akakinong'oneza. Akawasha njiti. Akaizima. Akachechemea hadi sebuleni, akarudi na kile kitambaa cha kudarizi.

"Wewe mwanamke! Ukimziba pua atapima nini?" mumewe akapiga kelele, amesimama mlangoni.

"Namfunika kidogo tu. Halafu nawasha."

Nawe ungekuwa umesimama pale mlangoni na mumewe, ungemnyang'anya kitambaa, au ungempisha apite?