Boksi Lililotangulia Kura

Wiki ile sikutulia. Nilifagia uwanja mara mbili, nikatia chumvi mara mbili kwenye maharage, hadi mume wangu akauliza kama kwetu kuna mgonjwa. Mgonjwa hakuwepo. Nilikuwa na kura.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Itigi, na wakati huo nilikuwa mjumbe wa kamati ya shirikisho letu la taifa la sataranji, yaani chesi. Uongozi wa dunia wa mchezo huo ulikuwa unachaguliwa, na kila nchi, kubwa kwa ndogo, ina kura moja; yetu iliamuliwa na kamati yetu ya watu saba. Kiongozi aliyekuwepo alitaka kuendelea. Tulishamwandikia kulalamika kwamba wachezaji wa nchi kama yetu wanabaniwa nafasi kwenye mashindano, asijibu. Mpinzani wake aliahidi kuwafungulia. Kwangu hesabu ilikuwa nyepesi. Tena mimi ndiye niliyesimama kikaoni Dodoma nikapendekeza tusipokee chochote kutoka kwa mgombea yeyote kabla ya kura. Nikapigiwa makofi, na sifichi, nilivimba kichwa.

Jumatano basi likashusha boksi shuleni. Nilipotoka darasani, mkuu wa shule alishalikata kamba, na wasichana wa klabu yangu walikuwa wamekaa barazani na seti mpya za sataranji, kila kifuniko kina picha ya yule kiongozi anatabasamu. Hadi siku ile walikuwa wakichezea vizibo vya soda tulivyovichora kwa kalamu.

"Shikamoo mwalimu," mmoja wao aliniambia, kete mkononi. "Kumbe farasi ana masikio!"

Ilinipasa kulifunga boksi pale pale. Badala yake nikasema wamalizie kwanza mchezo. Ulipoisha wakaanza mwingine. Alhamisi nikajiapiza kulirudisha kesho yake. Ijumaa basi likaja, likapakia watu na madumu ya asali, likaondoka mimi nalitazama.

Jumamosi alasiri, nikiwa shuleni na klabu, tulipiga kura kwa simu. Watatu huku, watatu kule.

"Mwalimu, tumebaki na wewe," mwenyekiti alisema.

Treni ya mizigo ilikuwa inapita, nikawaomba wasubiri kelele ziishe. Ilikuwa na mabehewa mengi, lakini hayakunitosha. Nikamtaja yule wa boksi. Nikaongezea maneno marefu kuhusu uzoefu na utulivu, ambayo hakuna aliyeyauliza.

Baadaye mwenyekiti akanipigia peke yangu. Alikuwa na furaha.

"Asante sana, mwalimu wangu. Vifaa mlivipata?"

"Tulivipata." Nilitaka kujitetea kidogo, nikauliza, "Shule nyingine zimeshapata vya kwao?"

"Shule zipi? Boksi lilikuwa hilo moja." Akacheka, bila ubaya wowote. "Watu wa kiongozi waliniuliza nani kwenye kamati ana msimamo mkali, nikakutaja wewe. Wakauliza anapenda nini. Nikawaambia, wanafunzi wake."

Aibu ilinipanda hadi masikio yakawaka moto, na nilimkasirikia yeye kidogo, nikajikasirikia mimi zaidi. Barazani wasichana walikuwa wananiita niwaamulie ubishi, wanapiga makofi kuniharakisha. Nikaenda. Yule aliyeshangaa masikio ya farasi aliniuliza kama mwenye picha ni mtu mzuri.

Nikamwambia ni mtu anayetujua.