Bugali Mchungu wa Muhumba

Wewe mwanangu unayetaka kufungua malewa, mgahawa wako mwenyewe, weka simu pembeni kidogo unisikilize. Dada yako ameniambia kila kitu. Umeshapata nyumba, umeshanunua masufuria, hata rangi ya meza umeshachagua, na sasa umekasirika kwa sababu watu wa hygiène, wale wakaguzi wa usafi, wamekukataza kumuuzia mtu hata sahani moja kabla hawajaja kuona jiko lako, maji yako na choo chako. Unasema hao wanatafuta cha kula tu. Sitakugombeza kwa kuwashuku. Mimi nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na wenzangu nawajua, wazuri na wabaya. Nataka tu uelewe kazi yenyewe ni ya nini. Mimi niliielewa mchana mmoja, nikiwa na umri kama wako, nikiwa nimemaliza shule bila kujua kitu.

Nakumbuka ulikuwa mchana wa kiangazi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani. Ilikuwa vita ya pili ya hapa kwetu, na mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Nyinyi mliozaliwa baadaye mnadhani vita ni milio ya bunduki peke yake. Siku nyingi hakukuwa na mlio wowote. Kulikuwa na kutazamana. Jirani akikusalimia mara mbili asubuhi moja, ulijiuliza anataka nini. Ukinyamaza, walisema unaficha kitu. Ukiongea sana, walisema umetumwa. Na zaidi ya yote watu waliogopa karuho, ile sumu wanayosema mtu anaweza kukutilia kwenye chakula au kinywaji. Ukienda kutembelea rafiki, alifungua chupa mbele ya macho yako, akanywa yeye kwanza, ndipo akakupa. Usipoona hivyo, ulisema huna kiu.

Sasa fikiria ni nani angeuza chakula katika mji wa namna hiyo. Maman Nabintu aliuza. Alikuwa na malewa yake katika mtaa wa Muhumba, chumba kimoja chenye mabenchi na jiko nyuma, na watu wa ofisi na walimu walikuja hapo saa sita kula bugali wa muhogo na sambaza wa ziwani, wale samaki wadogo, kwa mchuzi wa nyanya. Alikuwa mjane, na malewa hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake.

Siku hiyo chef wa avenue, yaani mkubwa wa mtaa, alituma mtu ofisini kwetu, akafika akihema. Watu waliokula kwa Maman Nabintu walikuwa wanatapika, vichwa vinawauma, wengine hawawezi kusimama. Mkubwa wangu, Muzee Cirhuza, alichukua koti lake jeupe, akaniambia, "Mademoiselle, twende." Gari hatukuwa nalo. Tulipanda kilima kwa miguu.

Tulipofika, wagonjwa wazito walikuwa wameshabebwa kwenda kituo cha afya, wengine wamelala kwenye mabenchi. Watu walijaa mlangoni. Maman Nabintu alisimama kwenye mlango wa jiko, mwiko bado uko mkononi, na macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Papa Safari, karani wa ofisi moja ya jirani. Mdogo wake alikuwa miongoni mwa waliobebwa.

"Ametia karuho!" alisema. "Mi namujua huyu. Tangu lini anacheka na kila mutu vile?"

Ng'ambo ya barabara walisimama askari wawili na bunduki zao. Walisubiri neno moja tu liwe hakika, mwanangu, na kila mtu pale alilijua neno hilo. Waliochukuliwa kwa neno la sumu siku zile, ndugu zao walizunguka kuuliza kila mahali wasipate jibu.

Muzee Cirhuza alisalimia kana kwamba amekuja kwenye ubatizo. "Bonjour, bamaman, bapapa. Mimi niko wa hygiène. Huyu ni mwenzangu. Hii hapa ordre de mission yangu, barua ya kunituma kazini, musome."

"Hygiène ya serikali gani?" mtu akauliza kwa nyuma. Swali hilo wakati ule lilikuwa na meno.

"Ya tumbo lako, papa," Muzee alijibu, na watu wawili watatu wakacheka bila kupenda.

Akaanza kuuliza kila mmoja amekula nini. Badala ya kujibu, waliutazama mkono wangu. Mimi nilikuwa nimeshatoa kalamu, tayari kuandika majina kama tulivyofundishwa. Muzee aliniangalia, akaniambia polepole nirudishe kalamu mfukoni. Mara hiyo midomo ikaanza kufunguka. Na kilichofunguka kwanza kilikuwa shutuma nyingine. Mwanamke mmoja alimwonyesha kidole mzee mnene aliyeketi pembeni akijipepea kwa kofia. Kila mtu Muhumba alimwita Tonton Ferdinand.

"Huyu naye alikula hapa! Nilimuona! Juu ya nini weye haugonjwe?"

Watu wote wakageuka. Papa Safari akamsogelea. "Ndiyo, tonton. Tuambie. Juu ya nini weye peke yako uko muzima? Ulijua?"

Tonton Ferdinand aliacha kujipepea. "Mi nilikula sawa nyinyi! Sambaza, muchuzi, mboga ya lengalenga..."

"Na bugali?" Muzee Cirhuza aliuliza.

"Bugali hapana! Nilikula muchele. Dokteri alinikataza bugali, eti nimenenepa. Muulize Maman, kila siku ananicheka!"

"Ni kweli," Maman Nabintu alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Namupikia muchele wake kwa sufuria kidogo."

Unaona, mwanangu? Wao walidhani wamemkamata mshirika wa muuaji, na Muzee alipata jibu alilokuwa analitafuta. Mtu aliyekula samaki yule yule, mchuzi ule ule, mafuta yale yale, ni mzima. Basi tatizo haliko kwenye samaki wala mchuzi. Akauliza tena, mmoja mmoja, na wote waliougua walikuwa wamekula bugali. Mwalimu mmoja kijana, aliyelala benchi akishika kichwa, alisema ulikuwa mchungu kidogo lakini njaa ilimzidi.

Tuliingia jikoni. Muzee aliangalia maji, akaangalia mafuta, akanusa samaki. Kisha akafungua gunia la unga, akagusa kidogo sana kwa ncha ya ulimi, akatema na kusukutua mdomo. Akamuuliza Maman Nabintu unga umetoka wapi. Mama yule alichungulia mlangoni kwanza.

"Nikikuambia, utaenda kuambia bale?"

"Sema tu, maman."

Akaeleza kwa kunong'ona. Siku zote alinunua vipande vya muhogo mkavu kwa wamama aliowazoea, akavisagisha mwenyewe. Juma lile hawakuja, njia ilikuwa mbaya. Akanunua unga uliokwisha kusagwa kwa mwanamke mwingine, kutoka kijiji kingine. Huyo mwanamke hakumficha: walikuwa wameng'oa mihogo haraka na kuilowesha usiku mmoja tu, maana watu wenye silaha walikuwa wanapita na kubeba kila walichokuta kwenye maji au kwenye uwanja wa kuanikia. Maman Nabintu alidhani hiyo ni habari ya shida tu, kama habari zote za wakati ule. Na akataja kijiji.

Muhogo mchungu, mwanangu, una sumu yake tangu shambani. Hakuna anayeitia. Ndiyo maana bibi zetu waliulowesha siku tatu, nne, mpaka ulainike kabisa, kisha wakaumenya, wakauanika juani ukauke vizuri. Maji na jua ndivyo vinavyoiondoa. Ukiharakisha, sumu inabaki ndani ya unga mweupe mzuri usioonyesha kitu. Vita ilikuwa imewaharakisha wale wamama. Mume wa jirani wa Maman Nabintu alikuja wakati tuko jikoni kusema mke wake na watoto wanatapika tangu asubuhi. Walikuwa wamenunua unga kwa mwanamke huyo huyo, na mke alikuwa ameshaanza kumlaumu mama mkwe.

Tulitoka nje. Muzee Cirhuza akawaeleza watu yote hayo kwa utulivu, kama mwalimu mbele ya darasa la kwanza. Walisikiliza. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima, mambo ya kulowesha waliyajua. Lakini Papa Safari hakutosheka.

"Sawa. Huo unga ulitoka kwa nani? Kijiji gani?"

Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa kijana, nimesomea kazi, na nilifundishwa kwamba chanzo lazima kijulikane. Nikafungua mdomo.

"Mademoiselle," Muzee alisema bila kunigeukia, "rudi ndani ukafunike ule unga."

Nilisimama ndani nikiwa na aibu na hasira, nikasikia kelele nje. "Wanaficha! Wamekula kitu kwa huyu mama!" Sasa walitushuku sisi. Kisha kelele zikakatika ghafla, nikajua askari wamevuka barabara.

"Muzee," mmoja alisema, "iko sumu ao haiko?"

"Iko ndani ya muhogo. Hakuna mutu aliitia."

"Umetoka wapi?"

"Kwa mihogo yenye haikuloweshwa ya kutosha. Hiyo ndiyo nitaandika. Kama mukubwa wako anataka kuniuliza zaidi, ofisi yangu anaijua."

Nilishika mdomo wa gunia kana kwamba utanikinga. Ndipo nikasikia yule askari mwingine, sauti ya kijana sana, akisema, "Kwetu mama analowesha mutoni. Anatukataza kugusa mihogo mbele haijalainika." Sijui kama walituamini au jua liliwachosha. Waliondoka.

Halafu Muzee Cirhuza akaifunga malewa. Maman Nabintu alilia kuliko alivyolia mbele ya bunduki. "Umeniokoa kwao, sasa weye unaniua?" Nami nilimtilia Muzee shaka pale, nikafikiri sasa ndipo atakapoomba chake. Hakuomba. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba nyumba imefungwa kwa sababu ya unga usioloweshwa vizuri, na itafunguliwa unga ukibadilishwa, akabandika mlangoni. "Ukipika kesho," alimwambia, "mutoto mumoja akikohoa, watasema karuho. Wacha wasome hii mpaka ibaingie kichwani."

Tukiwa tunateremka kilima nilimuuliza kwa nini alinizuia kusema ukweli. Alisimama kabisa njiani.

"Ukweli gani? Ukitaja kijiji mbele ya bunduki, nani ataenda huko kuuliza mambo ya kulowesha? Wataenda kuuliza mambo ingine. Sisi tunatafuta ugonjwa, mutoto wangu, hatutafute mutu. Jina la kijiji niko nalo mimi, na mimi ndiye nitaenda."

Alikwenda kweli, akaniacha ofisini. Alizungumza na wale wamama, wakaanza kulowesha ndani ya nyumba, kwenye mapipa na masufuria makubwa, mahali ambapo wapita njia hawaoni. Kijiji hicho hata wewe sikutajii. Waliougua wote walipona. Malewa ilifunguliwa baada ya Muzee kuja kuvunja vipande vipya vya muhogo kwa mkono wake, kuangalia kama vinameguka kwa urahisi, kama muhogo uliolowa vizuri. Tonton Ferdinand alikuwa mteja wa kwanza, akitangaza barabarani kwamba mchele umemwokoa kuliko sala za mke wake. Papa Safari hakurudi kula hapo kamwe. Alipita upande wa pili wa barabara mpaka vita ilipokwisha, na Maman Nabintu aliendelea kumsalimia.

Basi mwanangu, hayo ndiyo ninayotaka uyabebe. Watu wa hygiène hawaji kwako kwa sababu wewe ni mchafu. Wanakuja ili siku watu watakapougua, na siku hiyo huja hata kwa mpishi mzuri, awepo mtu aliyelijua jiko lako kabla, anayeweza kusimama mlangoni akasema kilichotokea. Ndiyo maana wanaona maji yako, wanaona choo, wanataka wapishi wako wapimwe hospitali, ndipo wanakupa ruhusa. Na baadaye wanarudi bila kukuambia siku. Usikasirike wakirudi.

Na uwashuku, ndiyo, lakini uwashuku kwa akili. Anayefika bila ordre de mission, usimruhusu aingie jikoni. Anayeomba kula kabla ya kuangalia, mpe kiti akae, umwite mkubwa wake. Akimaliza kazi, mwambie aandike alichoona na akuachie nakala. Kama kuna cha kulipa, kalipe ofisini upewe risiti. Mtu mwaminifu hatachukia hayo. Muzee Cirhuza angekupongeza. Na unga ushuku vilevile. Nunua muhogo mkavu, uuvunje, uulize umekaa kwenye maji muda gani, na jibu lisipokuridhisha usiununue hata kama ni wa shangazi yako.

Mungu akubariki wewe na jiko lako. Wanaokula kwako wainuke mezani wakiwa na nguvu, na jina lako litajwe vizuri mtaani hata usipokuwepo kulisikia.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, nenda mwenyewe ofisini kwao ukawaombe waje.