Spika ya Maneno

Muuza spika alitaka nisikie mdundo. Aliwasha sabufa kubwa, rafu nzima ikatetemeka, akanitazama kwa tabasamu akisubiri nimsifu. Hapa Mwanza mdundo ndio kila kitu. Kwetu Mkolani, nyumba isiyotikisika Jumapili mchana watu hudhani wenyewe wamehama.

"Mdundo nausikia," nilimwambia. "Nataka maneno."

"Maneno gani, dada?"

"Ya watu kwenye filamu. Wanaongea, siwaelewi."

Nilisema kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyewanyamazisha. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa ninakuwa mkali, na siku ile niliogopa sana.

Miaka mingi nilikuwa nikifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi huko Nyakato. Mbele ya zile mashine hakuna anayepoteza pumzi kuongea. Tulisomana midomo na kuonyeshana kwa vidole, na tulicheka vizuri tu bila kusikiana. Kwa hiyo masikio yangu yalipoanza kunikimbia sikugundua upesi, kwa sababu macho yalishazoea kuyafanyia kazi. Sauti za wanawake ndizo zilizotangulia kuondoka. Jioni moja mwigizaji alimwambia mumewe jambo akiwa amegeuka dirishani, mume akaanguka chini akilia, na mimi sikujua ameambiwa nini. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena, mpaka jirani akabisha hodi. Baadaye nikahamia kwenye zile filamu ambazo mtafsiri anapiga kelele za Kiswahili juu ya waigizaji wote. Zamani nilizidharau. Sasa yule mtafsiri ndiye alikuwa rafiki yangu.

Muuzaji aliniliwaza bila kujua. Alisema televisheni hizi nyembamba spika zake zinatazama ukutani, ndiyo maana maneno yanapotea. Nilitamani kumkumbatia. Kumbe ni televisheni! Akanitolea spika janja, ndefu na nyembamba, ya kulaza chini ya skrini. Alisema ina kitufe cha kuinua maneno na kupunguza muziki, na tena unaiamuru kwa mdomo nayo inatii, ila ni Kiingereza tu. Akaweka filamu, bibi mmoja mgonjwa akizungumza kitandani, akabonyeza kitufe.

"Umesikia alivyosema?"

Nilikuwa nimeona midomo ikitikisika. "Safi kabisa," nikajibu. Uongo huo ulinitoka upesi mno. Nikaibeba spika nyumbani hivyo hivyo.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Magu baada ya mavuno ya mpunga. Mama si mtu wa kuitwa mara mbili, wala hapendi kuita mara mbili. Alitulea hivi: ukiitwa, hata kama umeshika moto, kwanza unasema "abee," mengine baadaye. Mtoto wa kike asiyeitika ni mtoto aliyemshinda mama yake. Siku ya pili tu ya kukaa kwangu alinuna. Alikuwa ameniita kutoka jikoni nikakaa kimya, na akasema mshahara umenipanda kichwani.

Nikatafuta dawa ya kijinga. Nikaanza kuitika ovyo. Bati likilia, "abee." Kiti kikisogea, "abee." Nilidhani ni afadhali kuitika mno kuliko kukosa. Mchana mmoja nikaitika, nikageuka, nikamkuta mama amesimama mlangoni na uso umembadilika.

"Umemwitikia nani?"

"Si umeniita?"

"Sijafungua mdomo."

Akakaa taratibu. Kwetu sauti ambayo mwenyewe humwoni haiitikiwi mpaka iite mara ya tatu. Aliye hai atarudia. Aliyekufa, walisema wazee, huita mara moja tu, na ukimwitikia umekubali kumfuata. Dada yake mama aliitika hivyo akipalilia pamba, na pamba ile hakuivuna. Mama ni mtu wa kanisani, kila Jumapili yupo, lakini hilo halijamtoka. Tangu siku hiyo kila nilipoitika alishtuka, na mimi kila aliposhtuka nilizidi kuogopa, si wafu bali siri yangu. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Sikuweza. Niliona nikilitamka tu, litakuwa kweli.

Spika ilikuwa imeshakaa chini ya televisheni kwa siku kadhaa. Mama akiwa nje, nilikuwa naibonyeza kwa rimoti na kuona vitaa vyake vya buluu vikizunguka, nikadhani basi hiyo ndiyo namna yake ya kujibu. Filamu sikuzielewa zaidi ya mwanzo. Nilijiambia bado sijaipanga vizuri.

Alasiri moja tulikaa sebuleni tukichambua mchele, televisheni imezimwa, mama akinisimulia habari za ng'ombe wa kaka yangu. Ghafla akanyanyua kichwa.

"Abee!" aliitika.

Mkono wake ukabaki juu ya ungo. Niliona namna alivyotambua alichofanya.

"Umesikia?" aliniuliza. "Mwanamke ameongea. Hapo hapo. Umemsikia?"

Sikuwa nimesikia chochote. Niligeuka, nikaona vitaa vya buluu vinamalizia kuzunguka. Neno fulani la mama lilikuwa limeifanya spika idhani inaitwa, ikajibu kwa sauti yake ya kike. Kumbe muda wote ilikuwa ikinijibu.

Ningesema nimesikia, angeuliza amesema nini. Ningenyamaza, angelala na kuamka akiamini dada yake amekuja kumchukua. Alikuwa ameshaanza kunong'ona sala, mikono ameibana kifuani, na nilimwona mdogo kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mama, ni hiyo spika," nikasema. "Inaongea. Ina sauti ya mwanamke."

"Mbona wewe hukugeuka?"

"Sikuisikia."

"Iko hapa karibu."

"Sikuisikia, mama. Na siku ile ya jikoni sikukusikia. Sisikii vizuri tena."

Alinitazama masikio, moja kisha jingine, kama alivyonikagua nilipokuwa mtoto nikitoka shule. Akaweka ungo chini, akainuka, akapita nyuma yangu.

Nilijua anachotaka kufanya. Nikakaza macho kwenye mchele na kusubiri aniite. Nilizuia pumzi ili nisikose. Nje bodaboda ilipita, hiyo niliisikia. Halafu kukawa kimya, nikaendelea kusubiri, nikifikiri labda bado anatafuta la kusema, labda amebadili mawazo, labda bado hajaanza.

Mkono wake ukanigusa bega. Nikageuka kuutazama mdomo wake.

"Nimekuita mara tatu," alisema.

"Abee, mama," nikamwitikia.